Nia Njema Haichuji Maji



Vijana wenzangu, leo hebu tuanze na kalenda. Tarehe 26 Novemba 2023 ilikuwa Sherehe ya Kristo Mfalme, Mwaka A wa liturujia. Injili ya siku ile ilikuwa Mathayo sura ya 25, hukumu ya mwisho, pale Mfalme anapowaambia watu kwamba kila walipompa maji mtu mwenye kiu walimpa yeye mwenyewe, na kila walipomnyima walimnyima yeye. Tuliisikia nchi nzima, kuanzia kigango cha mwisho hadi kanisa kuu. Tukatoa sadaka, tukaimba, tukaenda nyumbani kula.

Siku saba baadaye, tarehe 3 Desemba, Dominika ya kwanza ya Majilio, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Sisemi kwamba Mungu alituma maporomoko yale ili atupime kama tulisikiliza Injili. Mahubiri ya namna hiyo huwa yananiogopesha. Nasema tu kwamba tulikuwa tumeshaambiwa tutamkuta wapi.

Wakati ule nilikuwa kwenye mwaka wa kichungaji, nikisaidia kapelania ya chuo kimoja hapa Tanzania. Wana-TMCS walifanya kile ambacho vijana Wakatoliki hufanya vizuri sana: walichangisha. Nguo, unga, mafuta ya kula, sabuni. Ndani ya siku nne ukumbi ulijaa mafurushi. Kwenye kikao cha kufunga mizigo, dada mmoja anayesoma uhandisi wa maji, ambaye baadaye wenzake walimfanya mwenyekiti, akanyoosha mkono akauliza, "Frateri, nguo tumepata. Sasa hawa watu wanakunywa nini?"

Ukumbi ukanyamaza. Ni swali dogo, lakini jaribu kulijibu.

Maafa ya maji yana kejeli yake. Maji yanajaa kila upande na yanayofaa kunywewa yanapotea. Vyoo vinafurika, visima vinaingiwa na maji ya juu, mabomba yanapasuka na uchafu unaingia humo humo yalimopita maji safi. Kuni zimelowa, kwa hiyo hata ile "chemsha maji" ya kwenye matangazo ya afya inakuwa ngumu. Mashirika ya misaada duniani yana kipimo wanachokubaliana: mtu mmoja apate angalau lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Piga hesabu ya familia ya watu sita. Ni lita 90, yaani kilo 90, kila siku, kwenye barabara iliyokatika. Malori ya maji ya chupa hayawezi kumaliza hesabu hiyo. Ndiyo maana watu wenye akili walianza kufikiri kinyume: badala ya kumpelekea mtu maji, mpelekee kitu chepesi cha kusafishia maji aliyonayo.

Wenzetu hawa walianza kusoma, na wakakuta kuna mwanafunzi mwenzao aliyewatangulia. Huko California, Marekani, katika chuo cha Cal Poly kilichopo San Luis Obispo, Tricia Compas alikuwa bado mwanafunzi wa uhandisi alipoanza kuhangaika na tatizo moja la ajabu. Tayari kulikuwa na unga wa kusafishia maji, uliotengenezwa na kampuni ya Procter & Gamble kwa kushirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa. Pakiti moja ya gramu 4 inatosha lita 10. Ndani yake kuna madini ya chuma yanayokusanya tope mpaka lishuke chini, na klorini inayoua vimelea. Unakoroga dakika tano, unaacha tope litulie, unachuja kwa kitambaa cha pamba, unasubiri dakika ishirini, unakunywa. Unga huo unafanya kazi kweli. Shida ni kwamba unahitaji ndoo mbili, mwiko na kitambaa safi. Mtu aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni atavipata wapi? Dawa ipo, chombo hakipo. Yeye akabuni mfuko wa lita 10 unaobebwa mgongoni kama begi la shule, na mambo yote yanafanyika humo humo: kuteka, kubeba, kuchanganya, kutuliza tope, kuchuja. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni changa iitwayo DayOne Response.

Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu mimi naifahamu hoja hiyo kutoka kwa mtu mwingine kabisa. Ni yule mwanamke Msamaria wa Yohane sura ya 4. Yesu anamwambia habari za maji ya uzima, na yeye jibu lake la kwanza ni la kiufundi: kisima ni kirefu, na wewe mwenzangu huna hata kitu cha kutekea. Tumezoea kuuruka mstari huo haraka ili tufike kwenye maji ya uzima, kana kwamba mama yule alikuwa mgumu wa kuelewa. Mimi naona aliuliza kama mhandisi. Na Yesu hakumkemea. Kumbuka mazungumzo yalianzaje: ni Yesu aliyechoka na safari, saa sita mchana, akaomba maji. Neno aliyefanyika mwili alikaa kando ya kisima chenye maji tele na asiweze kunywa, kwa sababu hakuwa na ndoo. Alihitaji mtu mwenye mtungi.

Haya, turudi kwa wenzetu.

Walitengeneza mfuko wa turubai wa lita 12. Unaujaza maji ya mto, unautundika kwenye tawi, mpira mwembamba unashuka hadi kwenye kopo lenye chujio. Ndani ya kopo kuna nyuzi za plastiki zilizo wazi katikati, kama tambi nyembamba, na kuta za nyuzi hizo zina vitundu vya mikroni 0.1. Unywele wako una upana wa mikroni kama 70 hivi. Bakteria wa kipindupindu ana unene wa karibu nusu mikroni, kwa hiyo hapiti. Hakuna umeme, hakuna pampu, uzito wa maji yenyewe ndio unaoyasukuma.

Siku ya kwanza kuujaribu walichota maji ya dimbwi nyuma ya karakana, rangi ya chai ya maziwa, na yakatoka yanang'aa. Jamani, kelele zile! Video ilizunguka kwenye makundi yote ya chuo.

Siku ya tatu mfuko ukawa unadondosha tone moja moja. Tope lilikuwa limeziba vitundu. Waliulalamikia mezani wakati wa chakula, na mama anayetupikia kapelania, ambaye hakuwa ameulizwa kitu, akasema, "Mbona hamuanzi na kanga?" Kwao, maji ya bwawa huchujwa kwanza kwa kanga iliyokunjwa. Vijana wakatabasamu kwa adabu. Kisha mmoja wao akaenda kutafuta, akakuta kwamba watafiti waliofanya kazi vijijini Bangladesh walichapisha mwaka 2003 matokeo ya jambo hilo hilo: wanawake waliochuja maji kwa sari iliyokunjwa angalau mara nne walipunguza kipindupindu katika vijiji vyao kwa asilimia 48. Vimelea vya kipindupindu hupenda kujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini, na viumbe hao wananaswa na kitambaa. Tena sari kuukuu ilifaa kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kujaza matundu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapoeleza busara, anaweka ndani yake utayari wa kufundishwa, hasa na wazee, kwa kuwa hakuna mtu anayejitosheleza katika mambo ya kutenda. Mfuko wa pili ukawa na kitambaa cha pamba mdomoni, chenye mikunjo minne. Mama yule sasa anajiita injinia.

Lakini jambo lililonifanya niandike leo lilikuja na majibu ya maabara.

Walipeleka sampuli mbili. Moja ilichukuliwa kwenye mdomo wa mpira, nyingine kwenye ndoo iliyopokea maji, baada ya ndoo hiyo kukaa siku nzima bwenini ikichotwa kwa vikombe. Ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilikuwa na bakteria wa kinyesi. Yaani chujio lilifanya kazi yake, na mikono na vikombe vikarudisha kila kitu. Zaidi ya hayo, mhadhiri wao aliwakumbusha kwamba virusi kama vya homa ya ini aina A ni vidogo mno, vinapita kwenye vitundu vya 0.1 bila kubisha hodi. Hivyo maji yanayong'aa yanaweza bado kumlaza mtoto. Lazima yatiwe klorini, tena yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na koki, asiingize mtu kikombe. Majibu haya yaliwakuta zikiwa zimebaki siku kumi kabla ya fainali ya mashindano ya ubunifu.

Ilikuwa Aprili 2024. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti yalikuwa kwenye kila taarifa ya habari. Na mfadhili mmoja, mtu mwema aliyeona ile video, akapiga simu: yuko tayari kulipia mifuko 200, ipelekwe mara moja.

Kikao cha usiku ule sitakisahau. Kijana mmoja, mkarimu kuliko wote katika kundi lile, alisimama akasema, "Watu wanakunywa maji ya mto sasa hivi. Chujio lenye kasoro si bora kuliko kukosa kabisa?" Kisha akanigeukia mimi. "Frateri, wewe ndiye unayetuhubiria Msamaria Mwema. Msamaria alisubiri maabara?"

Nina shahada ya falsafa na sikuwa na jibu la haraka. Aliyejibu ni mwenyekiti. Alisema Msamaria yule alitumia mafuta na divai, vitu ambavyo kila mtu wa wakati ule alijua kazi yake kwenye kidonda. Hakumjaribia majeruhi kitu kipya pale barabarani. Halafu akaongeza jambo ambalo mimi nisingeliwaza: "Mtu akipewa mfuko wetu ataacha kuchemsha. Atatuamini. Hapo ndipo tutakapomuua."

Naomba tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza kwa moyo mzuri kabisa. Tumelelewa kwamba Mungu anaangalia nia, na ni kweli. Lakini mafundisho ya Kanisa kuhusu tendo jema hayaishii kwenye nia. Thoma anasema tendo linakuwa jema pale ambapo vyote vimenyooka: unachokifanya, unachokikusudia, na mazingira unayokifanyia. Kimoja kikipinda, tendo limepinda. Na Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 aliipa ensiklika yake ya mwaka 2009 jina linalomaanisha upendo katika ukweli, akieleza namna upendo unavyogeuka hisia tupu ukitengwa na ukweli. Kwa upande wa maji, ukweli una vipimo. Unasomeka kwenye karatasi ya maabara, na wakati mwingine unakuvunja moyo.

Kama hujashawishika, itazame Haiti. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko liliibomoa nchi ile, na misaada ikamiminika kutoka pande zote za dunia. Oktoba mwaka ule ule kipindupindu kililipuka kando ya mto Artibonite. Uchunguzi ulionyesha kwamba kiliingia kupitia kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, ambako uchafu wa vyooni ulifika kwenye kijito kinachoingia mtoni. Karibu watu 10,000 walikufa katika miaka iliyofuata. Mwaka 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi watu wa Haiti. Hakuna mlinda amani aliyekwenda kule akitaka kumdhuru mtu. Walikwenda kusaidia, na hakuna aliyeangalia bomba la choo linaelekea wapi.

Kwa hiyo wale vijana walifanya nini? Walimpigia mfadhili wakamweleza ukweli wote, pamoja na namba za bakteria. Wakamwomba pesa ile ile inunue vitu ambavyo havina jina lao: ndoo zenye mfuniko na koki, na vidonge vya klorini. Alinyamaza kidogo kwenye simu, akakubali. Kwenye fainali, mwenyekiti alimwaga maji ya tope mbele ya majaji, yakatoka meupe, na jaji mmoja akamwomba anywe ili ukumbi uone. Ndiyo desturi ya maonyesho haya, unakunywa, watu wanapiga makofi. Yeye akasema haya bado hayajatiwa dawa, akaweka glasi chini, akafungua slaidi yenye matokeo ya ndoo ya bwenini. Walishika nafasi ya nne kati ya sita.

Sitaki kuipamba habari hii. Yule kijana hakukosea kuuliza, na kungoja nako kuna gharama inayolipwa na watu ambao hawakuwepo kikaoni. Kama wangekuwa hawana cha kupeleka mbadala, hesabu ingekuwa nyingine, na pengine mfuko wenye kasoro, ukiambatana na maelekezo ya wazi, ungestahili kwenda. Lakini mbadala ulikuwepo, ulikuwa umejaribiwa kwa miaka mingi, na kizuizi pekee kilikuwa kwamba haukuwapa wao sifa. Kuvuka kizuizi hicho ukiwa na miaka 22 na video yako inasambaa, jamani, si mchezo. Yohane Mbatizaji alikubali kupungua ili mwingine aonekane. Hawa walikubali kuzidiwa na ndoo ya plastiki.

Baada ya hapo nilirudi kwenye Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 2, kisa ambacho hatukisomi mara nyingi. Watu wa Yeriko wanamwendea nabii Elisha na kumwambia mji wao unapendeza, tatizo ni maji, yanaleta vifo na nchi haizai. Elisha anaomba chumvi. Lakini angalia: anataka iletwe katika bakuli jipya. Nimelipita bakuli lile mara nyingi bila kulitazama. Baada ya kuiona ndoo ya bwenini, sasa naliona. Mungu ndiye aliyeyaponya maji yale, kisa kinasema wazi, na bado mtumishi wake alijali chombo. Halafu akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe, pale maji yanapoanzia.

Wengi wenu mnaosoma hapa si wahandisi. Ila Jumamosi hii kuna kundi la vijana litakwenda kutembelea kituo cha watoto likiwa na biskuti, soda na simu za kupigia picha. Kabla hamjapanda gari, mpigieni sista anayelea wale watoto mumwulize kinachohitajika. Anaweza akasema dawa ya minyoo, au kwamba tangi lina ufa. Haitapendeza kwenye picha. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliyaita maji salama ya kunywa haki ya msingi ya kila binadamu, kwa sababu bila hayo mtu haishi. Sasa haki ya mtu huwezi kumpelekea kwa kubahatisha.

Kundi letu limeandaa mfuko wa tano. Huu umeunganishwa na dumu lenye koki, na kidonge cha klorini kina kifuko chake kilichoshonwa pembeni ili kisisahaulike. Sampuli zinaingia maabara Jumatatu asubuhi. Bakteria hupewa karibu saa 24 kwenye joto ili waonekane kama wapo, kwa hiyo Jumanne mchana majibu yatakuwa mezani. Jumatatu tunasali Matendo ya Furaha. Ukifika tendo la pili, pale Maria anapoharakisha kwenda milimani kumsaidia Elizabeti, wataje hawa vijana, na wataje watu wa Hanang na wa Rufiji.

Ndugu yenu, Frateri.